Ushuzi wa Simba

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu wa Mtwara, habari za asubuhi.

Bibi yangu kule Newala alikuwa akibangua korosho huku akitutambia hadithi. Simba yuko barazani, wanyama kimya, mara pwaa! Mfalme kajamba. Anauliza kwa ukali, "Nani huyo?" Fisi kwa kujipendekeza anaruka: "Mimi, bwana." Anatozwa mbuzi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Fisi hana mbuzi tena, na wote wanajua harufu inatoka wapi, ila wa kusema hayupo.

Tuligaagaa mkekani kwa kucheka. Kwamba ile ni hadithi ya utawala, nilikuja kung'amua ukubwani.

Nilipoiandika kwa ajili ya wanafunzi, nikaombwa nifute kujamba, Simba akohoe tu. Nikakubali. Najuta mpaka leo, kwa sababu kikohozi hakina aibu, na pasipo aibu Fisi hana cha kumbebea mkubwa wake.

Tunasema: kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Hebu isafisheni methali hiyo. Mtabaki na maneno ya upendeleo na haki, yale ya kwenye hotuba, na aliyeonewa hatayakumbuka.

Wengine walilijua hili zamani. Huko Ugiriki, mwaka 423 kabla ya Kristo, mtunzi wa tamthilia Aristophanes alileta jukwaani mwanafunzi anayejivunia ugunduzi wa mwalimu wake, mwanafalsafa Socrates: mbu halii kwa mdomo, hulia kwa matako! Na Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, ana hadithi ya mtawa mlafi wa sadaka. Mgonjwa anamwahidi zawadi, mradi aigawe sawasawa kwa wenzake. Mtawa anapenyeza mkono kitandani, anapokea ushuzi. Kisha watu wazima, kwa heshima zao zote, wanajadili namna ya kuugawa mafungu kumi na mawili. Sijaona kejeli kali kuliko hiyo juu ya ulafi wa watu wa dini.

Hata Wamakonde wetu hapa: mwanamume huvaa kinyago cha mti chenye tumbo la mimba na matiti, akacheza mbele ya watu, kwenye sherehe za jando na unyago.

Sisemi kila tusi ni fasihi. Kumcheka mwenye kilema ni ukatili. Lakini tumbo ni la kila mtu, la mfalme na la mchunga mbuzi.

Juzi niliisoma hadithi ya bibi darasani, Lindi, nikamrudishia Simba ushuzi wake. Walicheka wakashika mbavu. Kisha binti wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani Simba mwenyewe hakusikia harufu?"