Pikapu kuukuu ya dizeli, tela zito: skrubu ya mafuta iguswe mwisho

Karibuni karakana. Pikapu mnayoiona hapa ina injini ya dizeli ya silinda nne, lita 2.8, ina tabo ya kiwandani, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye silinda, haina intakula, kipoza hewa ya tabo, na pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika mtupu, hakuna kompyuta inayoiamrisha. Kazi yake ni kuvuta tela. Kwenye tambarare haina neno. Ikiukuta mlima tu inashuka mpaka gia ya pili, moshi mweusi nyuma, na mshale wa joto unaanza safari ya kupanda. Leo tunaiongezea nguvu.

Najua nusu yenu mmekuja kwa ajili ya ile skrubu ya kuongeza mafuta iliyo nyuma ya pampu. Mtaiona, lakini si sasa. Kwanza tazameni hii. Sogeza kamera. Hii ni pistoni. Hapa pembeni ya kichwa chake kuna tundu, kidole changu cha shahada kinapita, na kingo zake zimelainika kama nta ya mshumaa. Imetoka kwenye gari langu mwenyewe, miaka mingi iliyopita. Jioni nilizungusha skrubu mzunguko mzima, asubuhi nikafunga tela, na gari likavuta kama lori. Kwa dakika ishirini hivi. Geji sikuwa nayo hata moja.

Kilichotokea ni hivi. Injini ya petroli ukiizidishia mafuta inapoa kidogo. Dizeli ni kinyume: ukizidisha mafuta, joto linapanda. Kilo moja ya dizeli inahitaji kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini ndani ya silinda hewa na mafuta havichanganyiki vizuri kiasi hicho, kwa hiyo injini inataka hewa zaidi, kilo 20 au kupita. Ukishuka chini ya hapo unaona moshi mweusi. Moshi huo ni mafuta yaliyokosa hewa, na gesi inayotoka nayo ni ya moto kupita kiasi. Pistoni ni ya aluminiamu. Basi kazi yetu yote leo ni hewa, na mafuta yataifuata hewa.

Nyinyi wenye gari la komoni reli lenye kompyuta, hii si video yenu, njia zenu ni nyingine. Na kama injini yako haina tabo kabisa, fuata sehemu ya ukaguzi, ya matairi na ya kupoza, uishie hapo. Ukiiongezea mafuta bila upepo wa tabo utapata moshi mwingi na nguvu kiduchu.

Tunaanza na afya ya injini. Chomoa waya wa valvu ya kuzima mafuta kwenye pampu ili injini isiwake, fungua hita plagi zote nne, zile za kupasha silinda wakati wa kuwasha, kisha kwenye tundu funga geji ya kompresheni ya dizeli, inayopima presha ya hewa inayobanwa na pistoni. Ile ya petroli itapasuka, usiijaribu. Piga stata mpaka mshale utulie. Hapa nasoma 29, 28, 29, 27. Hizi ni bar, kipimo cha presha. Kitabu cha injini yako kina kipimo chake, lakini injini nyingi za aina hii zikiwa nzima zinacheza kati ya 25 na 32. Ukikuta silinda moja iko chini ya 20, au inapishana na wenzake kwa zaidi ya bar 5, zima video yangu, nenda kashughulikie ringi za pistoni na valvu. Injini iliyochoka ukiiongezea nguvu unaiharakishia safari yake.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa. Rudisha kila kitu, washa injini ipate moto, kisha fungua mfuniko wa oili uuweke juu ya tundu umegeuzwa, bila kuufunga. Ukitetemeka kidogo, sawa. Ukirukaruka na kuanguka, upepo wa kompresheni unapita kwenye ringi.

Sasa njooni upande wa dereva. Kijana wangu ameketi ndani, atakanyaga mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa. Mimi naangalia mkono wa pampu. Kanyaga. Mmeona? Pedali imegusa sakafu, lakini mkono wa pampu haujafika kwenye kizuizi chake, bado kuna nafasi ya milimita sita, saba. Kebo imelegea. Maana yake gari hili kwa miaka halijawahi kupewa mafuta yote ambayo kiwanda kiliyaruhusu. Kaza kebo hapa kwenye nati mbili, jaribu tena. Sasa mkono unagusa. Nguvu hiyo ni ya bure, na nimeikuta kwenye magari mengi kuliko nilivyotarajia.

Ya bure nyingine iko chini: matairi. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 10 kuliko la kiwandani, nguvu inayofika barabarani inapungua karibu asilimia hiyo hiyo. Kama ulifunga makubwa kwa urembo, tela litakukumbusha. Rudi kwenye saizi ya kitabu. Na kama kuvuta ndiyo kazi ya kila siku, fikiria kubadilisha meno ya difu: kutoka uwiano wa 3.9 kwenda 4.3 unapata asilimia 10 ya mvuto katika kila gia bila kuigusa injini. Utalipa kwa kelele na mafuta kidogo kwenye barabara ya kasi, na kwangu biashara hiyo inalipa. Kumbuka tu kwamba gari la magurudumu manne linabadilishwa difu zote mbili, mbele na nyuma, uwiano ule ule.

Filta ya hewa na filta ya dizeli, badilisha, sitawaonyesha. Uwazi wa valvu pimeni kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi au ya moto, kama kitabu kinavyosema.

Hapa nitakaa kidogo, kwenye njia ya upepo wa tabo. Angalieni kiungo hiki cha mpira. Kuna doa la vumbi jeusi lenye unyevu wa oili, umbo la nusu duara. Upepo unavuja hapo, na ukivuja hubeba ukungu wa oili, vumbi linanasa. Ili kuhakikisha, nimeziba mdomo wa kuingizia hewa kwenye tabo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, naingiza upepo wa kompresa polepole, bar 0.7, sizidishi. Kisha maji ya sabuni kwa brashi. Sikilizeni. Mapovu yale. Upepo ambao tabo iliutengeneza kwa jasho ulikuwa unaishia hewani. Tunabadilisha mpira na kuweka klampu zenye bolti, hizi za kukaza kwa bisibisi zinalegea.

Nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda, zipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli nzuri inatoa ukungu. Mbovu inatema mshale wa mafuta, na mshale huo ukipiga sehemu moja ya pistoni kila mara ni kama tochi ya gesi. Naomba mnisikilize vizuri: usiweke mkono mbele ya nozeli inayofanya kazi. Mafuta kwa presha ile yanapenya ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Ikitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa geji, na hapa sina mjadala. Mbili: ya upepo wa tabo, na ya joto la moshi. Ya upepo unaichomeka kwa kiungo cha T kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ya joto ina kihisi kama msumari, na kinakaa kwenye manifoldi ya moshi kabla ya tabo. Ukikiweka baada ya tabo kitasoma chini, tofauti inaweza kufika nyuzi 100 hadi 200 mlimani, na wewe utadhani uko salama. Kutoboa manifoldi, ivueni kwanza. Wapo wanaotoboa ikiwa imefungwa huku injini inaunguruma ili chembe zitoke na moshi. Chembe moja ya chuma ikiingia kwenye mapanga ya tabo, utanunua tabo.

Sheria yangu ya joto: nyuzi 650 za Selsiasi naweza kupanda nazo mlima mzima. 700 napitia tu, sikai. Ikigusa 720 naondoa mguu na kushusha gia. Kushusha gia, si kuongeza mafuta, maana mizunguko ikipanda tabo inaleta hewa zaidi na joto linashuka. Mtauona mshale ukishuka kwa macho yenu.

Bomba la moshi baada ya tabo tumelipanua mpaka inchi mbili na nusu, mikunjo michache, mafla moja iliyonyooka. Moshi ukitoka kwa urahisi tabo inaamka mapema. Usiondoe mafla kabisa, kelele haivuti tela.

Intakula ndiyo kifaa nilichokipenda kuliko vyote leo. Tabo inapobana hewa inaipasha, inatoka ikiwa zaidi ya nyuzi 100, na hewa ya moto ni nyepesi, haijai vizuri kwenye silinda. Intakula inaipoza kabla haijaingia. Tumeiweka mbele, chini ya rejeta, isije ikaziba upepo wa rejeta. Nguvu inapanda na joto la moshi linashuka kwa wakati mmoja; sijui kifaa kingine kinachotoa vyote viwili.

Baada ya hapo, upepo. Kiwandani tabo hii ilipewa bar 0.6. Kwa injini hii nzima, yenye intakula, naipeleka 0.9 na kusimama. Nafupisha fimbo ya kidhibiti cha tabo kwa kuzungusha nati yake, mzunguko mmoja, najaribu barabarani, nasoma geji, narudi. Kuna siku nitaulizwa kwa nini si 1.5. Kwa sababu tabo ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake inatengeneza joto badala ya hewa, na gasketi ya hedi nayo ina kikomo.

Sasa skrubu yenu. Hii pampu ni ya mzunguko, muundo wa Bosch VE, ambao Wajapani nao waliutengeneza kwa leseni, ndiyo maana mtaukuta kwenye pikapu nyingi. Nyuma hapa, kati ya mabomba ya nozeli, kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Hiyo ndiyo kipimo cha mafuta yote. Piga alama ya rangi kabla hujaigusa, ili ujue nyumbani ni wapi. Legeza nati, shika skrubu isizunguke nayo, halafu ingiza ndani kwa moja ya nane ya mzunguko. Ndiyo, moja ya nane. Kaza nati. Utasikia injini imepanda kidogo ikiwa haijakanyagwa. Hiyo ni kawaida, irudishe kwa skrubu ya mzunguko wa chini mpaka mizunguko 750 au 800 kwa dakika. Ukiingiza kupita kiasi, injini inaweza kupaa yenyewe, mizunguko ikapanda bila kukanyagwa. Kwa hiyo leo nina kipande cha mbao karibu, cha kuziba mdomo wa hewa iwapo ufunguo utashindwa kuizima. Mbao, si mkono.

Ile skrubu nyingine yenye waya na risasi ni ya gavana, kikomo cha mizunguko. Iacheni. Tela halivutwi kwa mizunguko 5,000.

Tumekwenda barabarani na tela, tumesoma geji, tumerudi, moja ya nane nyingine. Kwa jumla robo mzunguko, na joto la juu mlimani lilikuwa 670. Hapo nimesimama. Moshi ni ukungu mwepesi ukikanyaga ghafla, kisha unapotea. Kama unaishi nyanda za juu, anza kwa kidogo zaidi. Kila mita 1,000 hewa inapungua karibu asilimia 10. Na angalia sheria ya ukaguzi wa moshi ya unakoishi kabla ya yote haya.

Rejeta ivuliwe ioshwe, tope linajificha kati yake na kondensa ya AC. Feni ya viskasi, ile ya rejeta yenye klachi ya mafuta mazito ndani: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka huru kama panga boi, imekufa. Klachi ya zamani itaanza kuteleza kwenye gia ya nne mlimani, mizunguko inapanda na mwendo hauongezeki; hiyo ni klachi mpya, hakuna marekebisho.

Uzito ulioandikwa na kiwanda kwa kuvuta haujabadilika hata kilo moja. Breki ni zile zile, chesisi ni ile ile. Tela zito liwe na breki zake. Mzigo upangwe ili ulimi wa tela ukandamize ndoano kwa kama asilimia 10 ya uzito wake. Tela la kilo 2,000, kilo 200 hapa. Ukipakia nyuma zaidi, tela litaanza kuyumba na kukusukuma, na hapo nguvu tuliyoongeza haikusaidii.

Ukifika, usizime papo hapo. Acha injini iungurume dakika mbili, mpaka joto la moshi lishuke chini ya nyuzi 200, maana tabo inalainishwa na kupozwa na oili, na oili inaungua ikisimama kwenye moto. Kijana, fungua tela, tuipeleke nozeli ya gari la pili.