Jina la Klabu na Hiari ya Baraza: Shauri la Hull City

Ndugu wasikilizaji, mamlaka ya chama cha soka juu ya jina la klabu huwa hayaonekani mpaka mmiliki atake kulibadilisha. Nitajikita katika shauri la Hull City ya Uingereza, klabu iliyoasisiwa mwaka 1904.

Assem Allam, mfanyabiashara mzaliwa wa Misri aliyeinunua mwaka 2010 ikiwa imezongwa na madeni, aliona neno "City" halina mvuto sokoni kwa kuwa timu nyingi zinalo, akataka timu iitwe Hull Tigers, kwa kufuata jina la utani la klabu. Jina la kampuni lilibadilishwa mwaka 2013, lakini jina ambalo timu huchezea mashindano ni jambo jingine: kanuni za FA, yaani chama cha soka cha Uingereza, zilitaka maombi yawasilishwe kabla ya tarehe 1 Aprili, na zikaliachia Baraza la chama hicho hiari kamili ya kukubali au kukataa.

Klabu iliwapigisha kura wenye tiketi za msimu. Waliokubali walikuwa 2,565 na waliokataa 2,517, ila chaguo la kukubali liliunganishwa na familia ya Allam kuendelea kuiongoza klabu, na kwa maoni yangu swali la namna hiyo humpima mtu hofu yake kuliko matakwa yake. Aprili 2014 Baraza lilikataa kwa asilimia 63.5 ya kura.

Allam alikwenda kwenye usuluhishi, na Machi 2015 jopo likautengua uamuzi huo kwa sababu ya dosari katika utaratibu. Hapa ndipo penye uzito wa shauri zima, kwani hata chombo chenye hiari kamili hakina ruhusa ya kuitumia kiholela. Ombi lilirudishwa, na Julai mwaka huohuo Baraza likakataa tena, safari hii kwa kura nyingi zaidi.

Tuzingatie pia kwamba FA ilikuwa na uwezo wa kuzuia tu. Haikuibatiza klabu jina lolote. Nchini Kenya, mwaka 1980, amri ya kuacha majina ya kikabila ilitoka serikalini, na klabu ya Abaluhya ikawa AFC Leopards. Hayo ni mamlaka ya aina nyingine kabisa, na tusiyachanganye.

Sheria ya usimamizi wa soka ya Uingereza ya mwaka 2025 sasa inazitaka klabu zinazosimamiwa chini yake zipate idhini ya FA kabla ya kubadilisha jina. Kwa nembo na rangi za jezi ya nyumbani, sheria hiyohiyo inadai uungwaji mkono wa mashabiki walio wengi. Sioni sababu ya kutosha ya shabiki kuwa na sauti ya moja kwa moja juu ya nembo, kisha juu ya jina lenyewe sauti hiyo ipitie kwa wajumbe ambao hakuwachagua.