Kabla hujaandika "toleo jipya linatoka lini?"

Haya jamani tuanze, mnaoinstoli distro, yaani Linux iliyofungashwa tayari, endeleeni tu, mie nitaongea huku mnasubiri. Leo siongelei distro ipi kali, yale mabishano ya Arch na Fedora na Debian mtayafanya wenyewe baadaye na najua mtayafanya. Nataka tuongee jinsi tunavyowaandikia watu wanaotunza hizi programu tunazozitumia bure, maana naona wengi tunalichukulia kama suala la adabu tu, mtu ana lugha nzuri au hana, basi, wakati jambo hilihili limewahi kutumika kama silaha na seva za dunia nzima zikaponea chupuchupu.

Habari ya xz wengi mmeisikia, ila mara nyingi inasimuliwa kuanzia mwisho, siku mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine, ulipogunduliwa. Mie naomba tuanzie mbali zaidi. xz ni programu ya kubana mafaili, ndani yake kuna laibrari, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima, inaitwa liblzma, na ukiwa na Linux yoyote ile karibu lazima unayo hata kama hujawahi kuiita kwa jina. Mtunzaji wake ni Lasse Collin, wa Finland, aliibeba miaka mingi karibu peke yake na bila mshahara. Mwaka 2021 akatokea mtu anajiita Jia Tan, akawa anatuma viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vidogo vidogo, vizuri tu, havina neno. Ilipofika 2022 wakaibuka wengine, majina ambayo hayajawahi kuonekana kwenye mradi wowote, kazi yao kutuma barua pepe za kulalamika. Viraka vinakaa hadi vinaota kutu, mradi umelala, mtunzaji hana moyo tena, kwa nini asimpe mtu mwingine.

Sasa hapa ndo pananiuma. Lasse aliwajibu kwa upole kabisa, akasema hamu hajaipoteza ila nguvu zimepungua kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea, hailipwi. Mtu anakwambia ukweli wa namna hiyo mbele ya kadamnasi, halafu mmoja wao anampa pole na hapohapo anamwambia ajue mipaka yake, awaachie wengine! Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi Jia Tan akapewa ruhusa, kidogo kidogo, mpaka akawa anatoa matoleo yeye mwenyewe.

Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, Machi likafuata 5.6.1, na humo ndimo ulikuwemo mlango. Ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo kila mtu anategemea yawe yameharibika kwa makusudi kwa hiyo hakuna anayeyafungua kuyasoma, na kipande cha skripti cha kuuamsha hakikuwepo kwenye git, ghala la wazi la msimbo, kilikuwepo kwenye tarball tu, kile kifurushi kinachopakuliwa toleo likitoka. Yaani ungekaa usome git mstari kwa mstari usingekutana nacho. Na sshd, programu inayopokea watu wanaologini kwenye seva kutoka mbali, yenyewe haiihitaji liblzma, ila distro kama Debian na Fedora huwa zinaiunganisha sshd na libsystemd, laibrari ya systemd inayosimamia huduma za mfumo, na libsystemd wakati ule ilikuwa inaivuta liblzma, ndo njia ikapatikana. Mwenye ufunguo wa siri angeweza kuendesha amri kwenye seva yako bila kujua nywila yoyote.

Aliyeuona ni Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa database ya PostgreSQL. Alikuwa anapima spidi ya database kwenye Debian sid, ile Debian ambayo bado inapikwa, akaona sshd inakula CPU kuliko kawaida na kulogini kunachelewa kama nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na maisha, yeye akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Ikapewa namba CVE-2024-3094 kwenye orodha ya dunia ya mianya ya usalama, ukali 10 kwa 10. Debian stable, ile iliyotulia, haikuguswa, walioguswa ni wa sid na testing za Debian, Rawhide ya Fedora, Tumbleweed ya openSUSE, wale wanaopenda vitu vibichi. Nawapa heshima sana watu wa matoleo ya majaribio, huwa tunawatania kwamba mashine zao zinavunjika kila wiki, kumbe ndo walinzi wetu.

Jia Tan ni nani, mpaka leo hajajulikana hadharani. Mie kinachonisumbua ni yale malalamiko. Kwa nini yalifanya kazi? Kwa sababu yalifanana na yetu. Kazisome zile barua leo, hutaona lugha ya majasusi, utaona lugha ileile tunayoandika sisi ijumaa usiku driva ya wifi ikigoma. Kama sote tungekuwa tunaandika kistaarabu, wale wangejulikana mapema kwamba hawa si wa kwetu.

Na haijaisha. Februari 2025 Hector Martin, aliyeanzisha Asahi Linux, mradi wa kuiweka Linux kwenye kompyuta za Apple, alijiuzulu kuuongoza mradi, na kati ya sababu alizozitaja ni uchovu na watumiaji wanaodai, hiki bado, kile lini. Daniel Stenberg wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, naye amelalamika kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na AI, ndefu, zimepangika vizuri, hazina ukweli, na kila moja mtu lazima aisome mpaka mwisho. curl! Ipo kwenye simu, kwenye gari, kila mahali.

Sasa tufanye nini. Pesa ni muhimu, mwenye nazo achangie, siongezi neno hapo. Kwa sisi wengine: ukikuta hitilafu andika toleo gani, kerneli (kiini cha Linux) gani, ulifanya hatua zipi mpaka ikatokea, weka kipande cha kumbukumbu za mfumo kutoka journalctl kinachohusika na sio lundo zima, jaribu kama inatokea pia kwenye toleo jipya. Ukiweza git bisect, amri ya kusaka badiliko lililoleta shida, ukamwonyesha mtunzaji komiti, yaani badiliko lenyewe, umemwokolea siku nzima. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, karibu kila Jumapili anatoa rc, yaani toleo la majaribio, ya kerneli, mwenye mashine ya ziada aijaribu, maana hitilafu ikikamatwa kwenye rc haimfikii mtu wa kawaida. Na ukiona mtu anamsukuma mtunzaji kwa maneno makali, usipite kimya, mjibu wewe, mwenye mradi asijitetee peke yake. Lasse hakuwa na mtu wa kusimama mbele yake pale, na bado baada ya yote yale alirudi akausafisha mradi, 5.6.2 ikatoka Mei 2024.

Kabla ya maswali naomba kila mwenye laptop afungue orodha ya paketi zake, achague moja ndogo, atafute inatunzwa na watu wangapi. Nawapa dakika kumi, halafu tuambizane mmeona nini.