Namba 4,294,967,297 na kigawo chake 641

Walimu wangu, wazazi wangu, nanyi wanafunzi mliofika katika ukumbi huu wa Tanga jioni ya leo, namba niliyoiandika ubaoni ni 4,294,967,297. Mtu ambaye angeanza kuhesabu mwaka 1893, reli ilipoanza kujengwa kutoka mji huu, akataja namba moja kila sekunde bila kulala, angeifikia mwaka 2029. Namba hii ni 2³² ikiongezwa 1. Ni witiri, neno ambalo wengi wenu mlilisikia chuoni katika Suratul Fajr, pamoja na mwenzake shufwa, kabla hamjafundishwa hesabu shuleni.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo hupatikana kwa kuipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16 kisha kuongeza 1, akaona zote ni tasa, akaamini kwamba hii yetu na zote zinazoifuata ni tasa pia. Uthibitisho hakuwa nao, na mwenyewe alikiri. Chini ya 65,537 kuna namba tasa 6,542, na anayetafuta kigawo bila mwongozo hana budi kuzijaribu moja moja. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionesha kwamba namba hii ni 641 × 6,700,417.

Hapa naomba tutulie, kwa sababu kugawanya kunatuambia kwamba jambo ni kweli lakini hakutuambii kwa nini. 641 ina sura mbili: ni 640 + 1, ambapo 640 ni 5 × 2⁷; tena ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa, 2³² ni 16 × 2²⁸. Mahali pa 16 wekeni 641 − 625, na 2³² itakuwa 641 × 2²⁸ kutoa 625 × 2²⁸, na hiyo ya mwisho si nyingine ila 640⁴. Basi namba yetu ni 641 × 2²⁸ kutoa (640⁴ − 1). Sehemu ya kwanza ni kigawe cha 641 waziwazi. Ya pili ni 639 × 641 × (640² + 1). Nilipouona uthibitisho huu kwa mara ya kwanza niliuandika upya mara tatu, kwa furaha tu.

Imebaki 6,700,417. Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1878 kwamba kila kigawo tasa cha namba yetu ni kigawe cha 128 kikiongezwa 1. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, tasa za kujaribu ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Nimezijaribu pale pembeni mwa ubao, nazo zimeacha baki 170, 44, 120, 334 na 622. Kwa hiyo 6,700,417 nayo ni tasa.