Folda za mfano kwenye miongozo ya kuinstoli: msiandike za kwenu

Haya tuanze, asanteni kwa kuja, na nyie wa mlangoni ingieni viti vipo. Wengi mshanisikia nikilisema hili hapa Malindi na leo nalisema tena, kwa sababu bado naona miongozo inatoka imeandikwa `cd /home/juma/Desktop/mradi2`, yaani ingia kwenye folda hiyo. Juma ni nani? Msomaji aliyeko Witu hamjui Juma, na kibaya zaidi hajui kama hilo "juma" ni sehemu ya programu au la. Wewe ukiona `/etc/hosts` unajua hiyo iko vile kwenye kila Linux, ukiona `/home/juma` unajua hilo jina la mtu tu. Anayeanza haoni tofauti, kwake zote ni herufi, na wewe hukumwambia kipi ni lazima na kipi ni hiari yake.

Kuna duka moja la dawa, silitaji. Kijana wao alifuata mwongozo wa programu ya stoo, na aliyeuandika alikuwa kwenye seva ya kukodi ambako yuza anaitwa ubuntu, kwa hivyo kila mahali ni `/home/ubuntu/data`. Kompyuta ya dukani haina yuza huyo. Mnadhani ilikataa? Haikukataa, maana mwongozo ulisema `sudo mkdir -p /home/ubuntu/data`, na hiyo -p kazi yake ni kutengeneza kila folda inayokosekana njiani, haiulizi, na sudo imeshatoa ruhusa ya msimamizi. Programu ikaenda, dawa zikaingizwa, mauzo yakaingizwa, kila mtu raha. Bakapu yao lakini ilikuwa inachukua folda za mayuza waliopo, huyu hayupo, hakuchukuliwa. Siku akaja fundi mwengine kusafisha, akaona folda ya yuza asiyekuwepo, akaifuta. Mie naitwa, hakuna cha kurudisha. Fundi angeuliza kwanza, sawa, lakini mzizi wa lile jambo ni mwandishi aliyekopi folda yake akaiita mfano.

Na najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu, msomaji si ana akili, atabadilisha mwenyewe. Ana akili ndiyo! Lakini anasoma usiku, kwenye simu, kwa lugha ambayo si yake, bosi anamngoja, na amri zako zina folda hiyohiyo mahali chungu nzima, akibadilisha zote akasahau moja basi data iko huku na programu inatafuta kule. Huwezi kumlaumu huyo.

Wengine wanakimbilia `/path/to/folda`, Kiingereza cha "njia ya kwenda kwenye folda". Watu wanaipesti vilevile ilivyo, nimeona. Na nyie wa `<folda-yako>`, kwenye shell, ile programu inayopokea amri mnazoandika, hiyo alama ya `<` maana yake ni kusoma kutoka kwenye faili, kwa hivyo mtu akiipesti analetewa kosa ambalo halifanani kabisa na alichokuwa anafanya.

Mfano mzuri ni ule ambao mtu akiupesti kama ulivyo unafanya kazi, tena mahali panapofaa. Linux ina mpangilio wake wa folda, unaitwa FHS, toleo la 3.0 lilitoka 2015: `/opt` ni ya programu za kuongezwa, `/usr/local` ni ya anazoinstoli msimamizi mwenyewe, `/srv` ni data za huduma. Basi andika `STOO=/srv/stoo` mara moja pale juu, sema "ukitaka pengine badilisha hapa tu", na amri zote za chini zitumie `"$STOO"`. Hivyo tu.

Isipokuwa amri za kufuta, hapo geuza kabisa, weka folda ambayo haiwezi kuwepo kwa mtu yeyote, akipesti bila kusoma isifutike kitu. Kwa anwani za intaneti wenzetu walilimaliza hili 1999, RFC 2606, moja ya zile hati za kanuni za intaneti, ikatenga example.com iwe ya mifano, na 2010 ikaja RFC 5737 na namba kama 192.0.2.1. Kwa folda hakuna aliyetutengea, ni juu yetu.

Naambiwa muda, haya mbio mbio. Windows: mtu akifungua akaunti kwa jina la Fatma Omar anaweza kupata `C:\Users\Fatma Omar`, na ile nafasi katikati inavunja kila amri uliyoiacha bila alama za kunukuu, na sisi huku nani hana majina mawili matatu? Zitieni folda zote alama za kunukuu. Majina ya folda yawe mafupi, programu nyingi za Windows bado zinakwama njia nzima ya faili ikifika herufi 260. Msitumie `/tmp` kwa kitu cha kubaki, kompyuta ikizimwa inaweza kusafishwa. Na `~`, ile alama ya folda ya yuza mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu haifunguki, andikeni `$HOME`.

Herufi kubwa na ndogo nitaziacha, adhana imekaribia. Ila kabla hamjatoka kila mmoja afungue mwongozo wake atafute `/home/` na `C:\Users`, na kila panapotokea jina la mtu aniletee hapa mbele tupatengeneze.