Kabla ya Kufungua Saluni: Maneno kwa Wanafunzi wa Ususi, Nakuru

Hamjambo nyote? Kaeni, kaeni tu. Mwalimu wenu ameniomba niwaeleze nilivyotoka kwenye benchi kama hilo mlilokalia hadi kuwa na saluni yangu pale mtaa wa Section 58. Nimekuja kwa moyo mmoja, kwa sababu najua mkimaliza kozi kila mtu atawaambia mtafute mtaji mfungue duka. Mimi nawaomba msianzie dukani.

Nilipomaliza nilikuwa na cheti, kitana cha mkia na deni la karo. Mama alitaka kuuza ng'ombe nifungue saluni. Namshukuru Mungu ng'ombe yule hakuuzwa. Wakati huo nilijua kusuka, lakini kichwa cha mtu nilikuwa bado sijakijua.

Mwezi wangu wa pili kazini, kwenye saluni moja hapa mjini, nilipewa mteja wa kuritachi, yaani kupaka dawa ya kulainisha kwenye nywele zilizoota upya. Dada mpole, ana harusi kesho yake. Sikumuuliza lolote. Nikagawa nywele mafungu manne, nikaanza kupaka dawa kisogoni. Punde akaanza kutikisa mguu. Ule mguu mtaujua: mteja anayeungua haongei mwanzoni, anatikisa mguu. Mwenye saluni akasema nimwache, nywele hazijalainika. Nikamwacha. Tulipoosha, juu ya sikio la kulia ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi, nyekundu kama pera ndani.

Kumbe jana yake alikuwa amefumua rasta akajikuna kichwa kizima. Swali moja lingemwokoa. Dawa kali ya kulainisha ina hidroksidi ya sodiamu, na pH yake, kile kipimo cha asidi na alkali, hupita 12. Nywele zetu hutulia kwenye 4.5 hadi 5.5, na kila namba moja unayopanda kwenye kipimo kile, ukali wa alkali huongezeka mara 10. Dawa kama hiyo ikikuta mkwaruzo, hakuna kusubiri. Ndiyo maana leo mteja wangu akikaa, vidole vyangu hutangulia kitana. Amejikuna? Ameosha lini? Nywele za mbele zimeanza kung'oka kwa rasta za kubana? Kama zimeng'oka, simsuki za kubana hata akiongeza pesa. Halafu mafuta ya mgando masikioni, kwenye paji na shingoni, na saa iko mbele yangu.

Jambo jingine mlibebe. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba wanawake waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango kikubwa kuliko wasiozitumia. Hiyo haithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini wewe utaishika kila siku. Vaa glavu. Fungua dirisha.

Usiku ule wa dada wa harusi nilinunua daftari. Kila niliyemshika nikawa naandika: jina, nywele zake zikoje, nimemfanyia nini, ngozi ilipokeaje, amelipa ngapi, arudi lini. Nywele humea karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukiandika tarehe, unajua mtu wa ritachi atakuhitaji baada ya wiki 8 au 10. Nilikuwa napiga simu wiki moja kabla. Watu walishangaa kwamba kuna msusi anayekumbuka kichwa chao.

Mwanzoni nililipwa kwa kamisheni, nusu yangu nusu ya mwenye saluni. Baada ya mwaka na nusu nikakodi kiti: unamlipa mwenye nyumba ya kazi kila mwezi, unakuja na vifaa vyako, na kinachobaki ni chako. Hiyo ndiyo shule niliyoipenda kuliko zote, maana hasara inakugusa lakini haikuzamishi. Na mkiondoka kwa mtu, ageni vizuri. Nilikokuwa niliambiwa nimeiba wateja, na iliniuma, kwa sababu sikuwa nimemweleza mapema kwamba naondoka. Hapo nilikosea mimi.

Mwezi wangu wa kwanza wa kukodi kiti ulikuwa Januari. Mnaijua Januari! Desemba mtu hawezi kwenda nyumbani kijijini bila kusukwa, Januari pesa yote ni karo. Nilikaa siku nne bila mteja. Ila kabla ya shule kufunguliwa wanafunzi walikuja kusukwa laini za shule, ile mistari ya kawaida. Bei ni ndogo, mikono inauma, lakini nilisuka kumi kwa siku, na mama zao walikuwa wamekaa kando wakiniangalia. Sita kati ya mama hao wako kwenye daftari hadi leo.

Sasa duka. Sikutafuta chumba kwa kuangalia pesa za Desemba. Niliangalia mwezi mbaya kuliko yote mwaka mzima, nikauliza: mwezi huu ungeweza kulipa kodi, stima, maji na msaidizi mmoja? Mwaka wa kwanza jibu lilikuwa hapana. Mwaka wa pili, hapana. Wa tatu ukaweza, nikahama. Pale Kenyatta Avenue niliitishwa gudwili, pesa ya kuingilia tu kabla ya kodi, ambayo ingemaliza akiba yangu yote. Nikaenda 58, chumba cha chini, karibu na steji. Draya ya kwanza ilitoka kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa. Kitu cha kwanza nilichonunua mwenyewe kilikuwa tangi la maji, maana huwezi kumwambia mtu mwenye dawa kichwani kwamba mfereji umekauka.

Kibali cha kaunti hulipwa kila mwaka, na ukiwasha redio kwa ajili ya wateja, muziki nao una leseni yake. Mitihani ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza, ifanyeni mkiwa bado na nafasi.

Daftari lenyewe ni hili hapa. Lipitisheni hadi nyuma, lina doa la mafuta kwenye jalada, msijali. Majina nimeyafunika kwa karatasi. Fungueni ukurasa wa kwanza msome mstari wa kwanza: "Hakuulizwa kama amejikuna." Ni yule dada wa harusi. Alirudi miezi mitano baadaye, akakaa, na mimi nikamuuliza.