Kushoto na Kulia: Kutoka Versailles Mpaka Russia ya Kisumu

Haya watu wangu, hamjambo? Kisumu mko? Nakuru je? Hapa Berlin nimesimama kando ya barabara, na hilo bango jekundu nyuma yangu ni la chama kiitwacho Die Linke, maana yake Kushoto. Ndio jina la chama hilo, hawazungukizunguki. Sasa shemeji yangu wa Kondele kaniuliza: kama Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alikuwa wa kushoto, wanasiasa hawa wa siku hizi ni wa wapi?

Shemeji, kwanza twende Ufaransa, 1789, mji wa Versailles. Wabunge wanaandika katiba na wamekwama: Mfalme Louis XVI apewe kura ya turufu, au asipewe? Yaani wao wakipitisha sheria, yeye aweze kuitupa kabisa? Waliomtetea mfalme wakazoea kukaa kuliani kwa mwenyekiti wa kikao, wapinzani wake kushotoni. Kabaila mmoja, Baron de Gauville, aliacha maandishi akieleza kwamba wao walioshika dini na mfalme walikwenda kulia ili kuepuka makelele na matusi ya upande wa pili. Yaani mzee alikuwa anatafuta utulivu tu! Tarehe 11 Septemba kura zikapigwa: 673 wakakubali mfalme aweze kuichelewesha sheria lakini asiiue, 325 wakataka aweze kuitupa kabisa. Januari 1793 mfalme mwenyewe akakatwa kichwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia kushoto maana yake ni ukomunisti, mwambie Karl Marx alizaliwa 1818. Ugomvi wa mwanzo ulikuwa juu ya nani mwenye neno la mwisho. Mambo ya mishahara, viwanda na mali yaliingia baadaye, na wengi walioitwa kushoto wakajikuta wamesogezwa katikati, kwa sababu wamekuja wengine wakali kuliko wao.

Huku Ujerumani bado viti vina maana. Mwaka 2021 chama cha kiliberali cha FDP kililalamika kwamba kimechoka kukaa jirani na AfD, wale wa kulia kabisa. Bunge zima likajadili, likapiga kura, FDP wakahamishwa na ndugu zetu wa CDU, wahafidhina, wakasukumwa pale. Hao CDU walinuna! Lakini vuka bahari uende London: huko anayeunda serikali ndiye anayekaa kuliani kwa Spika, awe nani awe nani. Labour, chama cha wafanyakazi, leo kiko kulia. Na sisi Bunge letu tumerithi mtindo huo wa London, kwa hiyo kiti cha mheshimiwa kitakuonyesha nani ana wengi, basi.

Sasa tuje nyumbani. Kenya tulikuwa na kushoto ya kweli, na ugomvi wake ulikuwa shamba. Mzungu ameondoka: ardhi yake wapewe wasio na ardhi bure, au iuzwe kwa mwenye uwezo? Bildad Kaggia alisema wapewe. Kaggia huyo ni mtu wa Murang'a, alihukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, kwa hiyo anayewaambia kushoto ilikuwa mambo ya Wajaluo anawadanganya. Mwaka 1965 Mzee Kenyatta alimkemea mbele ya watu, akimwuliza yeye amejifanyia nini wakati wenzake wa gerezani wana mali. Hilo swali, kwangu mimi, linaieleza siasa ya Kenya kuliko manifesto yoyote niliyowahi kusoma.

Mwaka huohuo serikali ikatoa Waraka Namba 10 ikauita Ujamaa wa Kiafrika, huku ukielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye rutuba na miundombinu tayari. Mmoja wa walioukosoa kwa maandishi ni mwanauchumi wa Kogelo, Barack Obama, baba yake yule wa Marekani. Mwaka 1966 Jaramogi akajiuzulu umakamu wa rais, akaongoza chama kipya cha upinzani, KPU, Kaggia akawa naibu wake.

Mwisho wake mnaujua, wengine mnapita hapo kila siku. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Umati ukapaza "Dume!", mwito wa KPU, wakajibizana yeye na Jaramogi hadharani, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Hospitali imebadilishwa jina mara kadhaa, leo ina jina la Jaramogi mwenyewe, lakini mama akimbeba mtoto mgonjwa bado anasema, "Nampeleka Russia."

Ndiyo maana, shemeji, swali lako ni gumu. Tarehe 7 Machi 2025 UDA, chama cha Rais Ruto, na ODM, kilichoongozwa na Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, walitia saini kufanya kazi pamoja. Umesikia nani amelazimika kubadili msimamo wake juu ya ardhi? Mimi sijasikia, kwa sababu si ardhi iliyokuwa imewatenganisha.

Jamani, naomba kitu kimoja. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa KPU, awe Bondo, awe Kandara, mrekodi kwa simu akisimulia walivyokuwa wakidai shamba. Mwulize kwanza kama anakubali, halafu nitumieni. Nitaiweka yote, bila kukata.